Maulidini na Watoto

Mwaka juzi wakati wa Maulidi ya Lamu tulifikia Wiyoni. Jioni tukaandamana na watu hadi Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Twari zikilia, kitindamimba wangu akanipotea. Mama mmoja alimwuliza, “Kwenu wapi?” Akajibu, “Kwa mama.” Tulimpata baada ya saa nzima.

Basi nawe, kabla hamjatoka, mfunze mtoto jina la mwenyeji wenu na la mtaa. Mwambie akipotea asimame palepale. Mpeleke kwanza asubuhi, watu wakiwa wachache, auone msikiti, na njiani mwonyeshe milango ya nakshi. Usiku, hata akiona migongo mitupu, atajua yuko wapi. Akisinzia, mbebe mrudi. Mfungo Sita utarudi mwakani.