Shokapu Iliyonyooshwa kwa Nyundo



Unapopanda pikipiki hapa Gisenyi, hupewa kwanza kofia ngumu. Sheria yataka hivyo, nawe umezoea kuivaa bila kusukumwa. Leo nakuomba, kabla hujaketi, uinamishe kichwa utazame kitu kingine: mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele. Mafundi huyaita shokapu.

Ndani ya kila shokapu mna springi na mafuta. Springi hupokea pigo la shimo au jiwe. Mafuta huituliza isirukeruke. Kati ya bomba linaloteleza na ganda lake hukaa sili, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke. Barabara zetu za vitongojini zina mawe ya volkano na vumbi kali. Vumbi hilo hukwaruza bomba, bomba huikata sili, na mafuta huanza kuvuja. Yakipungua, pikipiki huinama mno kila breki inaposhikwa, na tairi hudunda badala ya kushika barabara. Yakichuruzika hadi kwenye breki, breki nayo hulegea. Fikiria hayo yakitokea kwenye mteremko wa kuingia mjini kutoka Musanze!

Kubadilisha sili na mafuta ni kazi ndogo kwa fundi mwenye vifaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Hatari kubwa zaidi imo katika pikipiki iliyokwisha kugonga. Bomba lililopinda hupigwa nyundo mpaka lionekane limenyooka, kisha hurudishwa barabarani. Lakini chuma kilichopinda kikanyooshwa huweza kubaki na udhaifu usioonekana kwa macho. Wengine huchukua shokapu moja kutoka pikipiki chakavu na kuifunga kando ya ile ya zamani. Kuhamisha shokapu si kosa, mradi zihamishwe zote mbili, zilingane kwa unene, urefu na springi, zitiwe mafuta kwa kipimo kimoja, na ekseli na breki zikae barabara mahali pake. Zisipolingana, usukani hauaminiki.

Siku moja nilimwuliza motari aliyenibeba, "Kaka, mbona shokapu inagonga hivi?" Akanijibu, "Mwalimu, pikipiki si yangu. Nikiilaza gereji kutwa, mwenyewe bado anadai hesabu yake ya siku."

Jibu hilo limenifanya niamini kwamba tunamlaumu mtu asiyestahili lawama yote. Anayepokea hesabu kila jioni ndiye apaswaye kulipia shokapu, tena asidai hesabu ya siku ambayo pikipiki iko kwa fundi. Ushirika wa motari ukague shokapu. Fundi naye awe na ujasiri wa kukataa kunyoosha bomba litakalobeba roho za watu wawili. Utasema vipuri ni ghali. Ni kweli, lakini gharama hiyo haitoweki tunapoikwepa. Humwangukia motari aliyevunjika mguu, au mama aliyekuwa akirudi sokoni.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Tukibishana bei mpaka faranga ya mwisho, kisha tukimhimiza dereva akimbie, tunajenga hatari hiyo hiyo kwa mikono yetu. Uraia hauishii kwenye sanduku la kura. Unaanza pale unapothubutu kuuliza swali kwa adabu.

Basi, kazi ya wiki hii ni hii. Jifunze vitenzi vitano: vuja, pinda, nyoosha, lingana, kagua. Kisha, kabla ya safari yako ijayo, tazama shokapu. Ukiona mafuta yamechuruzika, sema: "Samahani kaka, shokapu yako inavuja. Nitasubiri pikipiki nyingine." Sentensi hizo ni fupi. Usione haya kuzitamka.