Mizani ya Mwenye Kufunza



Vijana wetu walio vyuoni hupewa alama kwa namna wanavyowasilisha slaidi. Mkaguzi huketi na karatasi yake: Maandishi yasomeka? Sauti yafika nyuma? Amewatazama watu, au amegeukia ukutani akisoma? Amemaliza kwa wakati? Yote hayo ni mema, lakini mizani ina kitanga kimoja tu: yampima msemaji, yamsahau msikilizaji.

Tuchukulie binti wa Pwani asomaye Chuo Kikuu cha Embu, akatumwa Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, awafunze kina mama kumtengenezea kinywaji mtoto anayeharisha. Slaidi yasema: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote visawazishwe. Picha nzuri, Kiswahili fasaha, dakika 10 kamili. Mkaguzi ampa alama zote. Lakini mama aliyelelewa kwa Kiembu huenda akarudi nyumbani amegeuza hesabu, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto yule yule aliyekusudiwa kuokolewa.

Kipimo cha haki ni kuzima projekta, kuweka mezani jagi, sukari, chumvi na kijiko, kisha kumwomba mama mmoja aonyeshe mbele ya wenzake. Akikosea, asilaumiwe. Somo ndilo lirudiwe, na ikibidi, mwenyeji alifasiri kwa Kiembu.

Mafunzo haya si mageni kwetu. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alizungumza kwa utaratibu hata mwenye kutaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Naye Anas (R.A.) amepokea kwamba alikuwa akilikariri neno mara 3 ili lifahamike. Hakukuwa na slaidi, na ujumbe ulifika, ukahifadhiwa, ukatufikia sisi.

Basi mwanao akijiandaa kwa wasilisho lake, usimwambie tu "mashaallah, umesema vizuri". Mketishe mbele ya nyanya yake, amweleze somo lote. Akimaliza, mwombe nyanya aseme alichokielewa. Kile asichoweza kukisema ndicho kijana akatengeneze kabla ya kupanda jukwaani. Atakasirika kidogo, lakini afadhali akosolewe sebuleni kwa mapenzi kuliko kupongezwa ukumbini hali watu wametoka mikono mitupu.

Wabillahi tawfiq.