Nenosiri ni Amana: Kijana Ajifunze Kuzalisha Ufunguo



Elimu ya kuficha maandishi na kuyafichua si ngeni katika umma wetu. Katika karne ya tatu Hijria, mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad aliandika risala akieleza kwamba maandishi yaliyofichwa huweza kufichuliwa kwa kuhesabu herufi: ile inayojirudia mno katika lugha itajirudia mno hata ikivishwa sura nyingine. Siri ilivujishwa na mazoea. Wiki hii tunawashauri wazazi wenye vijana wanaosoma kompyuta wawape zoezi litakalowaonesha jambo hilo hilo: watengeneze programu ndogo inayogeuza nenosiri kuwa ufunguo wa kufungia maandishi.

Neno kama "Zuhura2012" haliwezi kuifunga barua lenyewe. Kompyuta huhitaji ufunguo wa urefu maalumu, aghalabu biti 256. Basi programu hulitia nenosiri katika kinu cha hesabu likatoka unga. Na unga, kama tujuavyo, haurudi kuwa punje. Kinuni humo hutiwa pia "chumvi", yaani tarakimu za kubahatisha, ili watu wawili wenye nenosiri moja wasipate ufunguo mmoja. Chumvi hiyo si siri. Huwekwa pamoja na barua iliyofungwa, maana bila hiyo hata mwenyewe hataupata tena ufunguo wake.

Kisha husagwa tena na tena. Utaratibu mmoja mashuhuri, PBKDF2, ulipochapishwa mwaka 2000 ulipendekeza mizunguko isiyopungua 1,000. Miaka ya karibuni OWASP, jumuiya ya wataalamu wa usalama wa programu, imeshauri 600,000 pale kinu kinachotumika ni SHA-256. Mwenye mali hungoja kitambo kidogo mara moja. Mwizi hulazimika kungoja kila anapokisia. Lugha ya Python ina kinu hiki tayari, hivyo kazi ya kijana ni ya mistari michache.

Akimaliza, na ajaribu kuivunja kazi yake mwenyewe. Namba ya siri ya tarakimu nne ina makisio 10,000 tu. Hata kila kisio likichukua sekunde nzima, yote huisha kabla ya saa tatu kutimia. Lakini maneno matano yaliyochaguliwa kwa kura kutoka orodha ya maneno 1,000 yangeichukua kompyuta hiyo hiyo zaidi ya miaka milioni 30. Kinu ni kile kile. Kilichotofautiana ni punje. Mwizi wa leo naye huhesabu mazoea yetu: jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, timu tunayoipenda.

Funzo la pili ni zito zaidi. Kijana afunge barua, kisha abadilishe herufi moja tu ya nenosiri na ajaribu kuifungua. Haitafunguka, wala yeye aliyeiandika programu hana mlango wa nyuma. Sasa tufikirie baba aliyefunga namna hiyo daftari la madeni yake na wasia wake, kisha mauti yakamfika. Sharia yetu imetanguliza deni na wasia kabla ya mirathi kugawanywa. Warithi watalipaje wasichoweza kukisoma? Na aliyemkopesha kwa kuaminiana atadai kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo tunausia mambo mawili. Programu ya kijana ibaki kuwa ya kujifunzia. Nyaraka za familia zifungwe kwa programu zilizokwishachunguzwa na wataalamu wengi. Na nenosiri la nyaraka hizo liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, likabidhiwe kwa mtu mwaminifu. Kulinda amana ni wajibu, na kuifikisha kwa wenyewe ni wajibu vilevile.

Wabillahi tawfiq.