Kuku wa Jumapili pia anaumia

Wasee, hebu tuseme ukweli. Jumamosi asubuhi simama hapo steji ya Kangemi, upande wa soko. Utaona boda ikipita na kuku wanane, miguu imefungwa kamba, vichwa vinaning'inia karibu na gurudumu. Hakuna anayegeuka. Hata mimi nilikuwa sigeuki.

Halafu nikamsoma Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia. Mwaka 1975, kabla hajafika miaka 30, alitoa kitabu Animal Liberation. Ukitoa maneno makubwa, hoja yake ni hii: usiulize kama mnyama ana akili kama yako, uliza kama anaumia. Kama anaumia, "ah, ni kuku tu" si jibu.

Najua mtasema hayo ni mambo ya wazungu walioshiba. Kodi ya nyumba haijalipwa, unatuletea haki za kuku? Manze, huyo huyo Singer mwaka 1972 aliandika kwamba walio nacho wana wajibu wa kuwasaidia wanaokufa njaa. Kwake haikuwa mtu ama kuku. Ilikuwa maumivu, popote yalipo.

Na kufikiria hivi hakuhitaji digrii. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahoji wazee wa vijijini, wengine hawakuwa na masomo ya darasani, akaonyesha kwamba falsafa iko hata huko. Kitabu chake, Sage Philosophy, kilitoka 1990.

Mimi naamini iko hata sokoni. Kuna mama ninayenunua kuku kwake, yeye huwabeba kwa tenga, wamekaa vizuri. Nilimuuliza mbona anajisumbua. Akanijibu, "Kijana wangu, atakufa, sawa. Lakini afe mara moja."

Sisi Waluhya na ingokho mnatujua, na bado nakula. Singer angeniambia niache, na sijapata jibu la kumshinda. Lakini kama bado hatujaacha nyama, angalau tuache mateso ya njiani, ambayo hayaongezi ladha yoyote kwa sufuria. Hata sheria iko tayari: Sura 360 ya Kenya inakataza ukatili kwa wanyama.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla hujalipa, mwambie wa boda: weka kwa tenga. Akikucheka, mwambie afe mara moja tu.

Kuku, si yeye.