Yowe la Jirani Ni la Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga chumba katika nyumba moja ya Magomeni, Dar es Salaam. Ilikuwa nyumba kama zilivyo nyingi za kupanga: vyumba sita, ukumbi mmoja, ua mmoja, bomba moja, na kuta zisizofika darini. Wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha sita humpa pole.

Usiku mmoja, yapata saa sita, mwanamke wa chumba cha nne alianza kupiga yowe. Mumewe alikuwa akimpiga. Nilisikia vishindo, nikasikia kiti kikianguka, nikamsikia mwanamke akimwita Mungu na kisha akituita sisi, jirani zake. Nikasikia pia jambo jingine ambalo mpaka leo linanitia haya: makomeo ya milango yetu yakifungwa, moja baada ya jingine. Nami nilifunga langu.

Aliyetoka ni bibi wa chumba cha mwisho, mjane muuza vitumbua. Hakufoka wala hakumtukana mtu. Alibisha hodi mlangoni pale akasema, "Mwanangu, nisaidie kibiriti, taa yangu imezimika." Mle ndani pakawa kimya. Mlango ulipofunguliwa, bibi hakukipokea kibiriti, alimshika mkono yule mwanamke akamwambia, "Njoo mwanangu, leo utalala kwangu." Hapo ndipo sisi wengine, wanaume wanne wenye nguvu zetu, tulipopata ujasiri wa kutoka.

Mwezi ule ule, katika soko la jirani, mtu alipiga kelele, "Mwizi!" Kijana mmoja akakimbia, na soko zima likamkimbilia. Miongoni mwa waliotangulia niliwaona wawili wa nyumba yetu, wale wale waliofunga makomeo. Kijana alipigwa kwa magongo na mawe, na polisi walipofika alikuwa hasemi tena. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeibiwa, wala ni kitu gani kilichoibwa. Mimi nilisimama kando, nikatazama.

Je, inakuwaje watu wale wale wawe wazito kumwokoa mwanamke anayewaita, na wawe wepesi kumuua kijana wasiyemjua?

Wengi watajitetea kwa methali: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Methali hiyo ina hekima yake, lakini ilikusudiwa ugomvi wa maneno, ambao kesho husahauliwa. Haikukusudiwa mifupa ivunjwe huku jirani wakisikiliza. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa, hata kama mila inasema vinginevyo. Basi kipigo cha nyumbani si siri ya chumbani. Ni kosa kama makosa mengine.

Wala ugonjwa huu wa kufunga makomeo si wetu peke yetu. Mwaka 1964, katika jiji la New York nchini Marekani, msichana aitwaye Kitty Genovese alishambuliwa kwa kisu usiku karibu na nyumba yake, akafa. Gazeti moja kubwa la huko liliandika kwamba watu 38 walitazama bila kufanya lolote. Baadaye ilidhihirika kwamba habari ile ilitiwa chumvi: jirani mmoja alipaza sauti dirishani hata mshambuliaji akaondoka kwa muda, na jirani mwingine alishuka akampakata yule msichana alipokuwa akikata roho. Lakini ni kweli kwamba wengine walisikia wasifanye kitu.

Kisa hicho kiliwasukuma wataalamu wawili, Darley na Latané, kufanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1968. Wanafunzi waliketi kila mmoja chumbani pake, wakamsikia mwenzao akishikwa na kifafa. Miongoni mwa waliodhani kwamba ni wao tu waliomsikia, 85 katika kila 100 walitoa taarifa kabla sauti yake haijakatika. Miongoni mwa waliodhani kwamba wako wengine wanne wanaosikia, waliofanya hivyo walikuwa 31 tu. Kila mmoja alimwachia mwenzake, kama tulivyoachiana sisi Magomeni.

Hata hivyo tusikate tamaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulichunguza picha za kamera za barabarani za ugomvi 219 katika miji ya Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini. Katika visa tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja aliingia kati. Binadamu, basi, si mbaya kiasi tunachodhani. Anachohitaji mara nyingi ni mtu wa kwanza. Msiba ni kwamba mtu wa kwanza anaweza kuwa yule anayebisha hodi, na anaweza kuwa yule anayerusha jiwe.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Kuingilia kati ni wajibu, lakini maana yake ni kumwokoa aliye hatarini, si kuadhibu. Sokoni siku ile, dakika ya kwanza aliyehitaji msaada alikuwa mwenye mali. Kuanzia dakika ya pili alikuwa yule kijana. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda makosa fulani mbele ya macho yake, ila inamwamuru amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Anayeua kwa niaba ya umati naye ni muuaji.

Simwambii mtu auvamie mtutu wa bunduki kwa mikono mitupu. Jambazi mwenye silaha aachwe apite. Wewe shika sura yake, mavazi yake na namba ya gari, kisha toa taarifa. Lakini kwa yowe la chumba cha pili, usiende peke yako: waamshe jirani kwa majina yao, kwani anayeitwa kwa jina hawezi kujificha ndani ya wengi. Gongeni mlango. Mwiteni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa mtoto anayeteswa ipo simu namba 116. Huenda siku ya pili mke na mume wakapatana, wakakununia wewe. Vumilia. Heri kununiwa na mtu mzima kuliko kumlilia maiti. Na ukiitwa kutoa ushahidi, nenda, hata kama utapoteza siku ya kazi.

Asubuhi ile bibi alimsindikiza mwanamke yule kwa mjumbe, kisha kituoni. Aliporudi nilimuuliza kama hakuogopa. Akanijibu huku akikoroga unga wa vitumbua: "Niliogopa sana, mwanangu. Lakini nilingoja mtoke, hamkutoka."