Waya Moja Tu

Wandugu vijana, mama akifunga kitambaa cha mutoto, anatumia nini? Ile pini yenye kujifunga yenyewe. Kifungo cha mukaba kikivunjika njiani, ni pini ile ile inatuokoa na haya. Nani aliifikiri?

Ni Walter Hunt, fundi wa New York, kule Marekani. Alikuwa na deni. Inasemwa lilikuwa dolari 15 tu. Akashika kipande cha waya, akakikunja. Angalieni vile alifanya: katikati aliuzungusha waya kama pete, na hapo ndipo inatoka nguvu ya kusukuma. Upande mumoja akaacha ncha kali. Upande wa pili akakunja kishikio, ncha iingie mule na isitoke yenyewe. Yote ni waya moja, hakuna kiungo cha kulegea.

Tarehe 10 Aprili 1849 serikali ikamupa hati ya haki juu ya kazi yake. Lakini yeye akauza haki yote kwa dolari 400. Deni likaisha, ndiyo. Lakini faida ya miaka iliyofuata haikuwa yake tena.

Wewe kijana unayekunja waya nyuma ya nyumba, shika mambo mawili. Kitu kidogo kinaweza kusaidia watu wengi, usikizarau. Tena, deni lisikukimbize. Mbele ya kuuza kazi ya mikono yako, uliza baba, uliza mukubwa mwenye akili, kisha ulale usiku mumoja. Asubuhi utaona bei yake vizuri.