Kipa Aliyekuwa na Pa Kwenda

Ken Dryden alipofariki Septemba 5, 2025, Kanada ilimlilia kama mlinda lango mashuhuri wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Sifa hiyo ni halali, ila ni nusu ya habari.

Dryden alianza kuichezea Montreal Canadiens mwaka 1971, akiwa angali mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha McGill. Katika misimu minane alitwaa Kombe la Stanley mara sita. Kinachonivutia mimi, hata hivyo, ni msimu ambao hakucheza. Mwaka 1973, aliposhindwa kuafikiana na klabu kuhusu mshahara, kipa huyu (neno fupi nisilolionea haya) alivua barakoa yake, akaenda kujifunza kazi katika ofisi ya mawakili. Mwaka uliofuata klabu ilimrudisha kwa malipo bora.

Je, ni wanamichezo wetu wangapi ambao, wakipunjwa, wana pa kwenda? Wengi hushauriwa kuweka vitabu kando pindi miguu yao inapoanza kuonekana kuwa na thamani. Mwajiri hulijua hilo, naye hupanga mshahara kwa kipimo hicho hicho.

Dryden alistaafu mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 31. Baadaye alikaa takriban mwaka mzima madarasani katika shule ya upili, akiwatazama walimu na wanafunzi, na mwaka 1995 akachapisha kitabu juu yao.